Niliacha jimnastiki, sasa naitwa kwenye jukwaa la misuli

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23. Nilianza jimnastiki nikiwa na miaka sita, nikaacha nikiwa na 18, na sikuacha kwa kupenda. Pingili ya chini ya mgongo ilipata ufa, ule ufa unaokuja polepole kwa kujikunja nyuma maelfu ya mara. Daktari alinionyesha picha, akaweka ncha ya kalamu mahali penyewe, akasema nikiendelea nisije kumlaumu. Basi. Miaka kumi na miwili ikaishia kwenye kiti cha hospitali.

Mwaka wa kwanza nilikuwa bado naamka saa kumi na moja alfajiri, nakaa kitandani naangalia viganja vyangu. Sisi wa jimnastiki viganja vyetu vina sugu. Ngozi inakakamaa, inachanika kwenye chuma, inaota tena, unapaka chaki unaendelea. Sugu zilipoanza kulainika nililia kuliko siku niliyoambiwa niache.

Aliyeniinua ni mtaalamu wa viungo. Alinipa mazoezi ya kuimarisha mgongo, kwanza mikono mitupu, kisha chuma bila mzigo, kisha tukawa tunaongeza kidogo kidogo. Siku moja nikanyanyua kutoka chini uzito unaozidi wangu. Nikasimama wima nao, nikautua, halafu bila kufikiri nikainua mikono yote miwili juu, kifua mbele, kidevu juu. Ndivyo tulivyokuwa tukiwasalimu majaji tukimaliza. Mtaalamu akaniuliza, "Unamsalimia nani?" Tukacheka wote.

Tangu siku hiyo sijaacha vyuma, mwaka wa nne huu. Niliongezeka kutoka kilo 47 hadi 58, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kuongezeka uzito hakukunitia hofu. Kwenye klabu yetu ya zamani tulipimwa kila Jumatatu asubuhi na majina yaliandikwa ubaoni, mzito kuliko wote juu kabisa. Nilikuwa na miaka 13 niliposoma jina langu pale juu. Hedhi ya kwanza niliipata nikiwa na miaka 17, na kocha wangu alisema kuchelewa huko ni dalili kwamba nafanya kazi vizuri.

Sasa tatizo lenyewe. Kwenye jimu ninakofanyia mazoezi kuna kocha anayeandaa wanawake kwa mashindano ya kutunisha misuli. Aliniambia mabega na mgongo nilio nao watu huvitafuta miaka kumi. Anataka nipande jukwaani baada ya wiki 16 za maandalizi, kitengo kiitwacho fiziki, kinachotaka misuli mikubwa. Nilikubali "kujaribu tu", na sasa niko wiki ya nane. Kila asubuhi namtumia picha tatu, ya mbele, ya ubavu na ya mgongo, pamoja na uzito wa siku hiyo. Nimeshuka hadi kilo 53. Misuli ya mabega imechoreka, mishipa inaonekana, na nikijitazama kwenye kioo najipenda. Ila usingizi umekuwa wa shida, nasikia baridi hata mchana, na siku zangu zimeruka mara mbili, lakini kocha anasema hiyo ni kawaida kwa kila mwanamke anayejiandaa.

Wiki iliyopita akaniletea vidonge. Anasema ni dawa laini, ya wanawake, dozi ndogo, na shirikisho tutakaloshindania halipimi. Bila hivyo, anasema, nitaonekana mtoto katikati ya wakubwa. Sijameza. Viko kwenye droo.

Mama yangu, ambaye kwa miaka yote ile alinipeleka mazoezini kabla jua halijatoka, nilipomwambia aliniangalia, akasema neno moja tu: "Tena?" Mchumba wangu anasema ananipenda nilivyo, ila anaogopa nitageuka mwanaume na watu watasema.

Nalitaka jukwaa, Shangazi, sitakuficha. Tangu niache sijasimama mahali nikahisi kwamba hapa ndipo pangu. Lakini usiku najiuliza kama naenda mbele au narudi kule kule. Na kama wapo waliotoka jimnastiki wakaingia huku, walipitia wapi? Nisaidie kufikiri.

Mwenye Sugu Viganjani

---

Marahaba mwanangu,

Asante kwa kuniamini na barua nzito kama hii. Nikuelewe vizuri kwanza. Ulipoteza mchezo uliokulea, vyuma vikakupa mwili wako upya, na sasa mtu amekufungulia mlango wa kurudi mbele ya majaji. Unautaka mlango huo kwa moyo wote, na wakati huo huo kuna harufu fulani inayotoka ndani ambayo pua yako inaijua. Kama nimekosea, nisahihishe.

Niruhusu nianze na maneno uliyoyapitia mbio, yale ya siku zako kuruka mara mbili. Umeyaweka mwishoni mwa sentensi, baada ya usingizi na baridi, na hapo hapo ukaweka jibu la kocha juu yake kama mfuniko. Kwa kuwa una mchumba, pima mimba kabla ya jambo lingine lolote. Wengi husahau hilo kwa sababu wameshapewa maelezo mengine. Na kama huna mimba, basi mwili wako unasema jambo unalopaswa kulisikiliza. Mwanamke anapokula kidogo kuliko anavyotumia, kwa wiki nyingi, ubongo huanza kubana matumizi. Huzima kwanza kisicho cha lazima kwa uhai wa leo. Uzazi unasimamishwa, joto la mwili linashuka, usingizi unaharibika, mifupa inaacha kujengwa inavyotakiwa, mhemko unayumba. Dalili tatu ulizoniandikia zinaweza kuwa za familia moja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hii mwaka 2014 na kulihuisha mwaka 2023, kwa sababu imeonekana kwa wanamichezo wa kike na wa kiume, katika michezo mingi.

Kocha wako ana haki kusema jambo hili hutokea kwa wengi wanaojiandaa. Linatokea kweli. Ila kutokea kwa wengi hakulifanyi kuwa salama. Halafu tazama jambo hili pamoja nami: ulipokuwa na miaka 17 kocha mmoja alikwambia kuchelewa kwa hedhi ni dalili nzuri, na ukiwa na 23 kocha mwingine anakwambia kutoweka kwake ni kawaida. Sisemi wanafanana. Wa sasa huenda anakujali sana. Lakini mara zote mbili aliyepewa mamlaka ya kutafsiri mwili wako ni mtu anayesubiri matokeo kutoka kwenye mwili huo. Ningependa safari hii atafsiri mtu asiyesubiri chochote. Nenda kwa daktari, wa wanawake au wa wanamichezo, umweleze yote, pamoja na ile hedhi ya miaka 17 na ule ufa wa mgongo. Muulize kuhusu kupima homoni na uimara wa mifupa. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba mabinti wa jimnastiki huwa na mifupa mizito kuliko wenzao, kwa sababu ya kuruka na kutua miaka mingi, na hiyo ni akiba nzuri uliyojiwekea. Wewe mwenyewe, hata hivyo, unao ushahidi wa picha kwamba mfupa wako unaweza kupata ufa.

Kasi ya kupungua nayo iangalieni. Kilo tano kutoka 58 kwa wiki nane ni zaidi kidogo ya asilimia moja kwa wiki. Wanaoandaa wanamichezo kwa uangalifu hupendelea nusu hadi moja, ili misuli iliyojengwa kwa miaka isiliwe pamoja na mafuta. Na wiki nane ngumu zaidi bado ziko mbele yako.

Sasa vidonge. Naomba nikwambie wazi ninachokijua, uamuzi utabaki wako. Kwa ulivyovieleza, hizo ni steroidi, dawa za kukuza misuli, na hakuna steroidi ya namna hiyo iliyo ya wanawake. Zote zimetokana na homoni ya kiume au zinaiiga, na zile zinazoitwa laini ni laini ukilinganisha na kali zaidi. Kwa mwanamke zinaweza kuifanya sauti iwe nzito, kuotesha ndevu, kukuza kisimi, kuvuruga hedhi. Sauti ikishashuka, mara nyingi hairudi hata ukiacha dawa. Vidonge vya kumeza huchosha ini na kuharibu uwiano wa mafuta kwenye damu. Na endapo una mimba usiyoijua, vinaweza kumdhuru mtoto. Tena vya kwenye droo hujui hata kama ndani yake kuna kile kilichoandikwa nje. Kwamba shirikisho halipimi, hilo linaondoa hatari ya kufungiwa tu. Hatari nyingine zote unabaki nazo wewe. Sipendi vilale nyumba moja na wewe, nasema kweli.

Kuna dhana nyingine ningependa tuigeuze kidogo. Umeambiwa bila vidonge utaonekana mtoto katikati ya wakubwa. Inawezekana, katika shindano hilo. Lakini mashindano hayako ya aina moja. Yapo mashirikisho yanayopima, ambako wanawake husimama wakiwa na kile walichojenga kwa chakula, vyuma na miaka. Pale mabega yako yatalinganishwa na mabega ya aina yake. Kwa nini kocha hakukutajia? Labda hayuko huko, labda hana watu huko. Muulize, na usikilize anavyojibu.

Na hicho kitengo cha fiziki, nani alikichagua? Barua yako inasema "anataka". Uliniuliza waliokutangulia kutoka jimnastiki walipitia wapi, na jibu lake limo humu humu. Mashindano ya Ms. Olympia, ya wanawake wanaotunisha misuli, yalianza mwaka 1980, na Rachel McLish akawa wa kwanza kulitwaa taji. Mwaka 1983 alilitwaa Carla Dunlap, ambaye kabla ya vyuma alikuwa amepitia jimnastiki na kuogelea kwa mpangilio. Kwa hiyo njia yako ina nyayo tangu zamani. Baadaye misuli iliyotakiwa jukwaani ikazidi kuwa mikubwa, na vitengo vikaongezwa kwenye mashindano ya Olympia: fitinesi mwaka 1995, figa 2003, bikini 2010, fiziki 2013, welnesi 2021. Ms. Olympia yenyewe ilisimama baada ya mwaka 2014 ikarudi 2020. Kila kitengo kinataka mwili tofauti. Kwenye figa unavaa viatu virefu na kugeuka robo kwa robo. Kwenye fiziki unasimama miguu mitupu, unapiga pozi za lazima na kuonyesha mpangilio wako kwa muziki, na misuli inayotakiwa ni mikubwa zaidi.

Fitinesi ndiko waliko wengi wa damu yako, kwa sababu mbali na kuonyesha umbo unafanya onyesho la nguvu, wepesi na kunyumbulika. Oksana Grishina wa Urusi, aliyetoka jimnastiki, alishinda Fitness Olympia miaka minne mfululizo, 2014 hadi 2017. Nikifikiria wewe na muziki na sakafu, moyo wangu unaruka. Halafu nakumbuka ile ncha ya kalamu ya daktari. Onyesho hilo lina kuruka, kutua na kupinda mgongo, mambo yale yale yaliyokupasua. Pengine ndiyo sababu mtu akafikiria fiziki, na kama ndivyo, alifikiria vizuri. Ila ningetaka nilisikie jina la kitengo likitoka kinywani mwako, pamoja na sababu zako.

Nifike sasa kwenye jambo lililonikalisha na barua yako muda mrefu. Uliposimulia uponyaji wako, ulisimulia kuongezeka. Chuma kiliongezeka, kilo ziliongezeka, na hofu ya ubao wa Jumatatu ikapungua. Huo ndio utunishaji wa misuli kwa sehemu kubwa ya mwaka: kula vya kutosha, kulala, kunyanyua polepole kwa udhibiti, kusubiri. Mtu wa jimnastiki hulazimika kujifunza hilo upya, maana alizoea kurusha mwili kwa kasi na kuwa mwepesi, na alifundishwa kwamba maumivu ni kelele za kupuuzwa. Wewe ulijifunza. Miaka minne umejifunza. Lakini ulichonacho mikononi sasa hivi ni kipande kingine cha mchezo huo huo, kipande cha kukausha mwili, na hicho ni kupungua. Mizani imerudi kila asubuhi. Ubao umerudi, umekuwa simu. Picha ya mbele, ya ubavu, ya mgongo, halafu unasubiri mtu akuambie kama unatosha.

Wapo wanawake wanaoweza kuingia kipindi hicho na kutoka wakiwa wazima, wakakiona kama kazi ya wiki kadhaa yenye mwanzo na mwisho. Huenda wewe ni mmoja wao. Una nidhamu, unajua jukwaa, unajua kushindwa mbele za watu na kurudi kesho yake. Hayo hayanunuliwi. Lakini wapo ambao mlango ule ukifunguliwa hurudi na vyote vilivyokuwa nyuma yake. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuchungulia na kusema. Ukiruka siku moja bila kupanda mizani, nini kinatokea kifuani mwako? Kocha asipojibu picha hadi mchana, unakula vile vile?

Ujue pia kinachokuja baada ya taa kuzimwa, maana wachache huambiwa. Mwili wa jukwaani haukai. Hudumu siku chache, kisha maji na mafuta hurudi, na vinatakiwa virudi. Njaa iliyobanwa wiki 16 hutoka kwa nguvu, na wengine hupanda kilo nyingi kwa muda mfupi, huku sura ile uliyoipenda kwenye kioo ikiondoka mbele ya macho yako. Kama hakuna mpango wa miezi inayofuata shindano, hakuna mpango. Na ukisikia habari ya kuacha kunywa maji siku za mwisho au kumeza dawa za kukojoza maji, kimbia. Watu wamekufa kwa hilo.

Njia ulizonazo ni zaidi ya mbili ulizoniandikia. Unaweza kuendelea na tarehe hiyo hiyo, kwa masharti yako: daktari kwanza, chakula kiongezwe kama atakavyosema, vidonge viondoke, na siku yakithibitika madhara unasimama hata kama imebaki wiki moja. Hatari yake ni kwamba wiki moja kabla ya shindano hakuna anayetaka kusimama, nawe ni mtu uliyefundishwa kumalizia zoezi kwa mguu uliovunjika. Unaweza kuahirisha mwaka mzima, hedhi irudi, ujenge zaidi, utafute shirikisho linalopima na kocha anayelijua. Hapo utapoteza moto ulio nao sasa, na pengine kocha huyu. Mwaka kwenye umri wako si mrefu. Misuli ya wanawake wengi kwenye vitengo vikubwa huiva miaka ya thelathini. Na ipo michezo ya vyuma ambako jaji anaulizwa swali moja tu, chuma kimepanda au hakikupanda. Haina mapambo wala muziki, na huenda ukaukosa utamu wa kutazamwa. Nayo ina madarasa ya uzito, kwa hiyo mizani ungeikuta hata huko.

Mama yako usimhesabu kati ya wapinzani haraka. "Tena?" yake mimi siisikii kama katazo. Huyu ndiye aliyekaa nje ya ukumbi asubuhi zile zote, na yapo aliyoyaona ambayo wewe, uliyekuwa ndani ukiruka, hukuyaona. Kaa naye umuulize: mama, uliona nini? Umwache aseme hadi amalize.

Mchumba wako ana hofu mbili, nazo zitenganishe. Ya kugeuka mwanaume, mweleze kwamba vyuma pekee havifanyi hivyo. Vidonge ndivyo vinavyoleta mabadiliko ya namna hiyo, na ni haki yake kujua kwamba umeletewa. Hiyo ya watu watasema ni mazungumzo marefu zaidi, ya ndoa nzima, na msiyafanye ukiwa na njaa.

Yule mtaalamu wa viungo alikuuliza unamsalimia nani, mkacheka, swali likapita. Mimi naliokota. Hapakuwa na jaji mle ndani. Palikuwa na wewe, chuma sakafuni, na mtu mmoja aliyekutakia mema. Ile mikono iliinuka kwa nani? Ukipata jibu, hata la maneno matatu, liandike mahali, kisha lisome siku utakapokuwa unajibu ombi la kocha la picha ya asubuhi. Huenda likakuambia upande. Huenda likakuambia bado. Sijui, na sitajifanya najua.

Ukitoka kwa daktari niandikie, mistari miwili inatosha. Na usiku wa leo kula vizuri, mwanangu, ulale na soksi.

Shangazi yako